Gari la babu, kiti cha mtoto: nini kibaki cha zamani, nini kiwe kipya

SEHEMU YA 1: Kobe

Wale wa zamu ya usiku kama mimi, poleni na hongereni.

Najua niliahidi tutaongea kuhusu homa baada ya chanjo. Itakuja, sijasahau. Ila leo naomba tuongee jambo la nyumbani kwangu ambalo limetuchukua miezi karibu minane, limetugombanisha, limetucheka, na mwisho limenifundisha kitu ambacho kila mwenye mtoto na gari anafaa kukijua. Hata kama gari lenyewe ni la kuazima.

Baba watoto alirithi gari la marehemu baba yake. Ni Volkswagen, ile yenye mgongo wa mviringo, ya mwaka 1965. Sisi nyumbani tunaliita Kobe. Lilikaa chini ya mwembe kwa mama mkwe, hapahapa Tanga, zaidi ya miaka kumi. Kuku wakataga ndani, panya wakazaa ndani, matairi yakazama ardhini. Kila tukienda kusalimia, baba watoto anaenda kulizunguka kwanza ndipo anakuja kumwamkia mama yake. Nilikuwa namtania kwamba siku moja mama atamnuna.

Mwaka jana akasema, "Mama watoto, nataka nilifufue." Nikasema sawa. Mume akitaka kufufua gari la baba yake, unamwambiaje hapana?

Kwa wasiolijua gari hili: yametengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, la mwisho kabisa lilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Mwaka 1962 gari la aina hiihii lilishinda mashindano ya East African Safari, yale yaliyokuwa yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye tope na vumbi. Wazee wetu walilipenda kwa sababu lilikuwa gumu, halina maji ya kupoza injini, na fundi wa mtaani aliliweza. Injini iko nyuma. Tangi la petroli liko mbele. Na betri iko chini ya kiti cha nyuma, kile wanachokalia watoto.

Shika hapo kwenye betri. Tutarudi.

Injini haikusumbua sana. Bodi ilikuwa na kutu, fundi akakata akachomelea. Ugomvi wetu ulianza tulipofungua milango na kuangalia ndani.

SEHEMU YA 2: Orodha mbili

Baba watoto alikuwa na orodha yake. Viti vya kijani vibaki vya kijani. Silingi ile nyeupe yenye vitundu vidogovidogo ibaki. Usukani mwembamba ule ubaki, dashibodi ya bati ibaki, kishikio cha mbele ya abiria kibaki, na ile mikanda midogo ya kitambaa kwenye nguzo ya katikati, ambayo watu wa nyuma huishika wakiinuka, nayo ibaki. "Gari," akaniambia, "huwa la asili mara moja tu. Ukishalichokonoa umelipoteza." Hayo maneno si yake, ni msemo wa wapenzi wote wa magari ya zamani. Na nikiri, una ukweli wake. Kitu kilichokaa miaka 60 ukikikata leo, huwezi kukirudisha kesho.

Fundi naye alikuwa na orodha yake. "Bosi, ng'oa hivi vyote. Tunaweka viti vya Toyota, vina viegemeo vya kichwa, vinalala, gari linakuwa kama sebule." Baba watoto alimwangalia kama mtu aliyetukanwa.

Mimi orodha yangu ilikuwa na kitu kimoja tu. Mikanda.

Maana nyuma hapakuwa na mkanda hata mmoja. Si kwamba ilikatika, haikuwepo tangu mwanzo. Mkanda wa pointi tatu, huu tunaouvaa leo unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Miaka ile ya sitini magari mengi yalikuwa bado hayana, hasa nyuma. Kwa hiyo ukisema unataka ndani ya gari la 1965 pabaki vilevile pasiguswe, umesema pia kwamba mtoto wako akae kama mtoto wa 1965. Yaani huru, kama nazi ndani ya kapu.

Baba watoto akanijibu jibu ambalo najua na wewe umewahi kulisikia: "Mbona sisi tulikaa watano nyuma, na wawili kwenye kile kishimo nyuma ya kiti, na wote tuko hai?"

Dada yangu, hili jibu ukilisikia usikasirike. Jibu lake ni rahisi ila ni chungu: wale ambao hawakubaki hai hawapo hapa kutusimulia. Sisi tulio wodini ndio tunaowakumbuka. Sitasimulia mgonjwa wa mtu, ila nitasema hivi: nimeshampokea mtoto aliyekuwa amepakatwa na mama yake kiti cha mbele, safari ya dakika kumi tu, kwenda sokoni na kurudi. Mama alikuwa na michubuko. Alikuwa anarudia sentensi moja: "Nilimshika. Jamani nilimshika kabisa."

Ninamwamini. Alimshika. Ila sikiliza hesabu hii, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumfanyia yule mama hesabu hii kabla.

Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mjini, likagonga na kusimama ghafla, mtu asiyefungwa anaendelea mbele na mwendo uleule. Ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita 10 hivi, ghorofa ya tatu. Mtoto wa kilo 10, ili mikono yako imzuie kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, inabidi ibebe uzito wa kama kilo 140. Upendo unao, tena mwingi. Nguvu hiyo huna. Mimi sina, mumeo hana, bondia hana.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Na hilohilo shirika linasema kiti cha mtoto kinachotumika ipasavyo kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa hadi asilimia 71. Dawa gani nyingine unaijua yenye uwezo huo, tena haina hata sindano?

Nilimwambia hayo yote baba watoto. Akanisikiliza, akasema, "Nimekuelewa nesi, ila kutoboa bodi ya baba siwezi." Tukalala tumepeana migongo.

SEHEMU YA 3: Harufu ya makumbi

Gari likaanza kutembea kabla ndani hapajaisha. Viti vilevile vya zamani, vimepigwa vumbi tu. Mimi nikaweka sharti, watoto hawapandi mpaka tukubaliane. Baba watoto akakubali. Na nashukuru sana alikubali.

Jumapili moja wifi zangu wawili walikuja. Wamejaaliwa, Mungu awabariki, tunajaza wote familia hii. Wakasema kaka tuzungushe na Kobe. Wakaingia nyuma, wanacheka, wanapiga picha. Mimi nimesimama uani na mdogo kiunoni, mkubwa analia kwa nini yeye haendi.

Hata barabara ya lami hawakufika. Nikasikia kelele, milango ikafunguka, wifi wa kwanza akatoka anajipiga kanga nyuma. Moshi unatoka chini ya kiti.

Mimi nimekulia pwani. Ile harufu niliijua kabla sijafika: makumbi ya nazi yanaungua. Harufu ya jikoni kwa bibi asubuhi.

Kumbe viti vya magari haya, juu ya springi za chuma, viliwekwa pedi ya nyuzi za makumbi ya nazi na nywele za wanyama, zimegandishwa kwa mpira. Ndiyo maana yana ile harufu yake ya pekee ambayo watu huikumbuka utu uzima. Sasa fikiria mwenyewe: sisi makumbi tunawashia moto. Ndicho kitu cha kwanza unachoweka chini ya kuni. Na chini yake hapo kuna betri.

Ilivyotokea ni hivi. Gari hili awali lilikuwa na betri ya volti 6. Siku hizi hizo hazipatikani kirahisi, kwa hiyo fundi alibadili mfumo akaweka volti 12, betri ya kawaida ya dukani. Betri hiyo ilikuwa ndefu kidogo kwenda juu kuliko ile ya zamani. Halafu kile kifuniko cha betri kilichokuja na gari kilishapotea miaka mingi. Watu wazima wawili wakakaa, springi zikashuka, chuma kikagusa kichwa cha betri upande wa chanya. Umeme ukapita kwenye springi, springi ikawa nyekundu kama waya wa hita, makumbi yakashika. Waliozoea magari haya wanaujua huu ugonjwa siku nyingi. Sisi hatukuujua.

Baba watoto alifanya kitu sahihi. Aliwatoa watu kwanza, kisha akakivuta kiti nje kizima kizima, maana kwenye gari hili kinanyanyuka tu. Tukakimwagia ndoo ya mchanga kikiwa pembeni ya njia. Wifi alipata kiungulio kidogo, nikampoza kwa maji ya bomba dakika 20. (Mama, ukiungua ni maji ya kawaida yanayotiririka. Si dawa ya meno, si mayai, si asali.)

Usiku ule hatukuongea sana. Mkubwa wangu ana miaka minne. Upande uliowaka ndio upande ambao huwa anaugombania kila gari, anapenda kuona duka la barafu tukipita.

SEHEMU YA 4: "Hizo za kijani?"

Sasa hapa nilifikiri nimeshinda. Asubuhi nikasema, "Umeona? Tung'oe yote ya zamani, tuweke mapya." Nilikuwa na hasira na yale makumbi.

Lakini nikienda kazini nilikuwa nafikiria, na kila nikifikiria naona nilikosea. Ngoja nikuambie kwa nini.

Kilichotaka kutuchomea watu ni nini? Betri mpya isiyo na kipimo cha pale, na kifuniko cha zamani kilichopotea. Kama kile kifuniko cha 1965 kingekuwepo, na betri ikawa ya kimo chake, makumbi yangekaa miaka mingine 60 bila kumdhuru mtu. Kwenye hilo, cha asili ndicho kilichokuwa salama.

Na badala ya makumbi, fundi angetuwekea nini? Sponji la godoro. Hili mama lisikie vizuri: sponji la kawaida la godoro likishika moto huwaka haraka kuliko makumbi, na moshi wake una sumu ambayo wodini tunaiogopa kuliko moto wenyewe. Tena sponji laini hulala baada ya mwaka. Mtoto anazama, kiuno kinateleza chini ya mkanda, na mkanda unahamia tumboni. Mkanda ukiwa tumboni badala ya kwenye nyonga, siku ya ajali unaumiza utumbo na uti wa mgongo.

Kwa hiyo "mpya ni salama, zamani ni hatari" si kweli. Wala "asili ndiyo bora" si kweli. Nilikuwa nimefanya kosa lilelile la baba watoto, ila kwa upande wa pili.

Wakati huohuo yeye alikuwa amefanya jambo lake. Magari haya namba ya chasisi imegongwa kwenye mfupa wa katikati wa gari, chini ya kiti cha nyuma. Kiti kilivyotoka ikaonekana vizuri. Akaiandika akaipeleka kwa makumbusho ya Volkswagen kule Wolfsburg, Ujerumani, wanatoa cheti kinachoonyesha gari lilitoka kiwandani lini, rangi gani, na ndani lilikuwaje. Alitaka karatasi ya kunithibitishia kwamba kijani ndiyo asili.

Cheti kikaja. Ndani: ngozi bandia ya kijivu.

Baba watoto akasema wamekosea. Tukaenda kwa mama mkwe, cheti mkononi. Bibi alikuwa anachambua mchicha. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Hizo za kijani? Hizo alishona fundi wa Ngamiani, mwaka 1983, wewe mwanangu hata shule hujaanza. Za kijivu zilikatikakatika kwa jua. Na mwaka huo dukani hakuna sabuni, utapata wapi kitambaa cha gari? Baba yako alipata kipande kwa rafiki yake wa bandarini, ni kijani, akakichukua hivyohivyo. Alinuna wiki nzima. Alikuwa hapendi kijani."

Jamani. Nilimwangalia mume wangu. Miezi yote ile alikuwa anapigania viti vya asili, kumbe anapigania viraka vya mwaka wa shida. Hakusema kitu. Akaenda kusimama chini ya mwembe, pale gari lilipokuwa, na mimi nikamwacha. Kuna wakati mke unatakiwa ukae tu usaidie kuchambua mchicha.

Bibi akaniambia taratibu, "Mkwe wangu, yeye hataki viti. Anamtaka baba yake."

Nikamwambia najua, mama.

"Basi mpe kinachompa baba yake. Kisichompa, kitoe."

SEHEMU YA 5: Tulivyogawana

Tukakaa mezani sisi wawili, daftari moja, kalamu moja. Kila kitu cha ndani ya gari tukakiuliza swali moja: siku mbaya ikija, kazi yako ni nini?

Vile ambavyo kazi yake ni kuonekana na kukumbukwa tu, vikabaki. Silingi ya vitundu, imesafishwa. Usukani. Kioo cha mwendo. Vishikio vya kitambaa kwenye nguzo. Hivi havimshikilii mtu siku ya ajali, kwa hiyo havina deni kwetu.

Rangi ya viti? Kijani. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema. Cheti kinasema kijivu, na mtu mwingine akitaka kufuata cheti hajakosea hata kidogo. Ila kwenye nyumba hii asili yetu ni fundi wa Ngamiani. Fundi alipovua ngozi ya zamani akakuta chini yake, imebanwa kwenye fremu, kipande cha ile ya kijivu, ukubwa wa kiganja. Kimewekwa kwenye bahasha pamoja na cheti. Mjukuu akitaka kurudisha kijivu, ushahidi upo.

Pedi za viti tukaagiza mpya za makumbi na mpira, kama za mwanzo, maana zile za zamani zilikuwa na mkojo wa panya na ukungu, na mkubwa wangu ana kifua. Cha zamani kilichooza si urithi, ni ugonjwa.

Betri tukatafuta ya volti 12 fupi, imefungwa isicheze, ikawekewa kifuniko kigumu kisichopitisha umeme, na juu yake zulia nene la mpira. Baba watoto alikaa juu yake akiruka kama mtoto, huku mimi nimepiga magoti naangalia kwa tochi nafasi iliyobaki. Majirani walituona wehu.

Mikanda mipya, ya pointi tatu, mbele na nyuma. Hapa ndipo bodi ya baba ilipotobolewa. Fundi bodi mzuri alichomelea bamba nene la chuma, upana wa kiganja, chini ya kila tundu, kwa sababu bati la sakafu peke yake hupasuka mkanda ukivutwa kwa nguvu. Mikanda hatukununua ya gari lililokatwa. Mkanda uliowahi kuzuia mtu kwenye ajali umeshavutika, kwa macho huoni, ila kazi yake imeisha. Pesa yote ya mikanda haikufika hata robo ya pesa ya viti.

Baba watoto alisoma kwamba hata shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, kwenye hati yao ya Turin wanakubali mabadiliko ya lazima kwa ajili ya usalama, mradi yasiharibu sura ya gari, yaweze kuondolewa, na vilivyotolewa vitunzwe. Hilo lilimpoza moyo kuliko hesabu zangu zote. Sawa tu, mgonjwa akipona sitaulizia dawa ya nani.

Na yapo ambayo hatukuweza kuyatatua, sitakudanganya. Gari hili halina mifuko ya hewa. Viti vya mbele havina viegemeo vya kichwa. Dashibodi ni bati. Tangi la petroli liko mbele ya miguu. Haya hayana mshonaji. Kwa hiyo tukaweka sheria badala ya vifaa: Kobe ni la mjini, mwendo wa pole, mchana. Safari ya Dar au ya Lushoto, hapana. Mtoto hakai mbele. Mkubwa anakaa nyuma kwenye kiti chake. Mdogo ana miezi minane, na kiti chake cha kugeukia nyuma tulikijaribu mara tatu, hakikai imara pale nyuma. Basi yeye hapandi Kobe kwa sasa. Analia, anabaki na mimi. Baba watoto hili lilimuuma, alitaka picha ya wote wanne. Tumepiga picha gari likiwa limesimama.

Jumamosi iliyopita tulimchukua Bibi kwenda kwenye harusi. Hakutaka kukaa mbele, akasema yeye nafasi yake ni nyuma. Nikamfunga mkanda, akauliza, "Hii nayo ndiyo ya kizungu?" Nikamwambia hii ni ya mkwe wako. Gari lilipowaka, mkono wake ukapanda wenyewe, bila kuangalia, ukashika kile kishikio cha kitambaa kwenye nguzo. Baba watoto akaona kwenye kioo. Tukaondoka taratibu.

Sasa wewe huna Volkswagen ya 1965, najua. Una gari dogo la mkopo, au la kaka, au la kukodi. Naomba leo kabla hujalala ufanye haya:

1. Nenda kwenye kiti cha nyuma, tafuta mikanda. Mingi imezama chini ya kiti au imefunikwa na vile vitambaa vya urembo tulivyoshonesha. Itoe, ivute yote, angalia kama imechanika au imekauka kwa jua. Kifungio kibofye, kiseme "ka!"

2. Mtoto mchanga: kiti cha kugeukia nyuma, na abaki amegeukia nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti chake kinavyoruhusu uzito na urefu wake. Kamwe usikiweke mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi.

3. Mtoto mkubwa: kiti cha kumnyanyua mpaka afike kama sentimita 145, ili mkanda upite begani na nyongani, usipite shingoni na tumboni.

4. Ukinunua kiti cha mtoto cha mtumba, geuza chini usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Angalia nyufa. Uliza kama kimewahi kuwa kwenye ajali. Muuzaji akisitasita, kiache. Hicho ni kama ule mkanda, kinaweza kuwa kizuri kwa macho tu.

5. Kama nyumbani mnakwangua rangi ya zamani, ya gari, ya geti, ya kitanda, watoto wakae mbali. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Nguo za fundi zifuliwe peke yake, sakafu ipigwe deki kwa maji, usifagie kavu.

6. Ngozi mpya na gundi mpya vina harufu kali. Acha milango wazi siku kadhaa, juani, mpaka harufu iishe, ndipo mtoto aingie.

Na kama mumeo ana kitu cha baba yake anachokishikilia, usianze na hesabu kama nilivyoanza mimi. Muulize kwanza ni kipi hasa ndani yake kinachomletea baba. Hicho mwachie. Vilivyobaki mtaelewana.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, ndiyo ile ya homa baada ya chanjo. Nimeahidi mara ya pili sasa, mkinikuta nimechepuka tena mnikumbushe.

Usiku mwema. Wafungeni mikanda.